Punda Aliyejibu Kila Swali

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, Namelok alikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kuchemsha chai na kubandua macho yake. Kazi ya tatu hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyejua kwamba anaifanya. Alijifungia bafuni, akalowesha ncha ya kitambaa chake cha kijani, akakikandamiza kwenye kope mpaka tongotongo zikalainika na macho yakafunguka. Kisha alitoka nje akiwa na uso safi kabisa.

Namelok alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Karatu. Wazazi wake walikuwa Enguserosambu, upande wa Loliondo, pamoja na ng'ombe wao. Yeye aliishi mjini na shangazi yake, Nailantei, ambaye alifua mashuka katika hoteli moja ya watalii kwenye barabara iendayo lango la Ngorongoro. Shangazi Nailantei alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimkosea hakugombezi, anakutazama tu, na kutazamwa na Shangazi kulikuwa adhabu iliyojitosheleza.

"Mbona macho mekundu?" aliuliza asubuhi hiyo huku akifunga kitambaa kichwani.

"Vumbi la jana lilikuwa kali, Shangazi."

"Umenawa?"

"Nimenawa."

Vumbi lilikuwa kali kweli. Mwezi wa Septemba, vumbi jekundu la Karatu huingia kwenye chai, kwenye mashuka, hata katikati ya daftari la hisabati. Na kunawa alikuwa amenawa. Namelok hakusema uongo hata kidogo. Alitoa kweli mbili ndogo mbele ya mlango, kweli kubwa akaifungia ndani.

Sababu ya kuficha ilikuwa hii. Alipokuwa darasa la nne, macho yalimuuma vivyo hivyo. Baba yake alikuja, akamchukua akapumzike nyumbani Enguserosambu, na mapumziko hayo yakala muhula mzima. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshamaliza sehemu na desimali, naye akashika nafasi ya tatu kutoka mwisho. Tangu siku hiyo aliamini kwamba macho yakijulikana kuna safari, na safari ikianza shule imekwisha. Hakumuuliza mtu yeyote kama ndivyo ilivyo. Tena mwaka huu kulikuwa na jambo ambalo hakutaka kabisa kulikosa.

Jambo lenyewe lilikuwa kitabu.

Mwalimu Lukresia, aliyefundisha darasa la awali, alikuwa na watoto sitini na vitabu vinne vya hadithi. Kimojawapo hakikuwa na jalada wala mwisho, kwa hiyo sungura wa kitabu kile alikuwa hajafika kwake tangu miaka mitatu iliyopita. Mwalimu aliwaomba wanafunzi wa darasa la sita wamtengenezee vitabu vya picha, wawili wawili, kisha waje kuwasomea wadogo. Kitabu kitakachowapendeza watoto zaidi kingepelekwa Ganako, kwenye shule ya jirani, kisomwe siku yao ya kusoma.

Namelok alipangwa na Nafisa, binti wa Mzee Abdulwahabu mwenye duka karibu na soko. Mzee Abdulwahabu alitoa maboksi ya biskuti ili yawe majalada. Namelok alikuwa na mkono wa kuchora, na Nafisa alikuwa na mdomo. Nafisa alikuwa mtoto mchekeshaji, na hilo hukuhitaji kumuuliza mtu mwingine. Yeye mwenyewe angekueleza.

Kitabu chao cha kwanza kilimhusu tembo aliyeteleza kwenye ganda la ndizi. Walikijaribu wakati wa mapumziko. Nafisa aliwaketisha watoto, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kucheka.

"Sasa sikilizeni," alisema akijifuta machozi, "hapa mbele mtacheka mpaka basi."

Akafungua ukurasa wa pili, akaangua kicheko. "Mmeona? Ameanguka. Yeye ni mkubwa, ganda ni dogo, lakini ganda ndilo limemshinda. Mmeelewa hapo?"

Watoto walimtazama kimya, wamekaa wima kama wanaosubiri sindano ya chanjo. Mmoja alinyoosha mkono akauliza kama tembo ameumia. Mwingine aliposikia kuna mtu ameumia, alianza kulia, na wa pembeni yake akamsindikiza.

Mwalimu Lukresia aliwabembeleza watoto, kisha akamwita Nafisa pembeni.

"Nafisa, mwanangu, chakula ulichowapikia watoto umekionja mpaka sufuria imeisha. Ungewaachia na wao."

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Usicheke wewe. Wala usiwaonyeshe mahali pa kucheka. Mtoto mdogo siku zote anaambiwa asiyoyajua. Anafurahi sana siku akiona kitu ambacho mkubwa hajakiona. Ukijifanya hujakiona, kinakuwa chake."

Nafisa aliondoka amenuna. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akipiga mawe teke. "Mtu atachekeshaje bila kucheka?" alisema. "Ni sawa na kuuza duka limefungwa."

Namelok aliendelea kutembea. Alikuwa akimkumbuka bibi yake.

"Kwetu tunakula habari," alisema.

"Mnakula nini?"

"Habari. Kwa Kimaasai ni ilomon. Mgeni akifika anakaa, mnaulizana moja moja. Ni lazima uanze na njema. Watoto wazima, ng'ombe wazima, majani yapo, jana tumelala salama. Mwenzako anaitikia kila moja. Hakuna haraka. Siku moja baba alirudi kutoka Loliondo, Bibi akakaa naye kumpa habari. Watoto wazima, mbuzi wazima, maziwa yapo. Baba anaitikia. Na wakati wote huo, nyuma ya Bibi kuna ndama amesimama, kichwa kimenasa ndani ya ndoo."

Nafisa alisimama. "Bibi hakusema?"

"Alisema mwishoni. Kwanza alimaliza njema. Ndama anagonga ndoo ukutani, Bibi anaendelea na habari za majirani. Nyumba ya fulani wazima, nyumba ya fulani wazima. Alipomaliza akasema, ila ndoo yetu imepata mtu."

Nafisa alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na sare yake ya shule. Alipoinua uso, alimwona Namelok amesimama vile vile, hajatabasamu hata kidogo.

"Hebu uone uso wako," alisema Nafisa. "Wewe ndiye utakayesoma. Mimi nitashika kitabu."

Walifanya kazi Jumamosi na Jumapili nzima kwenye stoo ya duka, katikati ya magunia ya mchele. Hadithi mpya ilimhusu Mama anayekwenda mnadani na kumwachia punda wake nyumba alinde, pamoja na simu ndogo ya kitochi. Kila ukurasa Mama anapiga simu kuuliza hali, na Punda anajibu kwa adabu. Maneno yalikuwa machache sana. Mambo yote yalikuwa kwenye picha.

Namelok alichora akiwa ameinama, pua karibu inagusa karatasi. Mistari ilikuwa ikimchezea, mmoja unakuwa miwili, na mara kwa mara alisimama kujifuta kwa kitambaa cha kijani. Nafisa alidhani ndivyo wachoraji wanavyokaa. Jumapili jioni walishona kurasa kwa uzi wa gunia, na kitabu kikawa kitabu.

Ijumaa watoto wa awali walikaa kwenye mkeka. Nafisa alishika kitabu juu, akauma ncha ya mtandio wake ili kicheko kisitoke. Namelok alisimama pembeni na kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kikao cha wazazi.

"Mama alipiga simu. Punda, habari za nyumbani? Punda akajibu, nzuri, Mama."

Kwenye picha, nyani watatu walikuwa wakiingia kupitia dirishani.

"Uji umeiva? Umeiva, Mama."

Nyani mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakoroga sufuria kwa mwiko, na wadogo wameshika vikombe.

Mtoto mmoja wa kike aitwaye Kakenya, mwenye miaka mitano na pengo la meno mawili, alinyoosha kidole. "Dada, kuna nyani."

Namelok aliutazama ukurasa kwa makini, upande ambao haukuwa na nyani. "Wapi?" aliuliza. Akaendelea kusoma. "Nguo zimekauka? Zimekauka, Mama."

Nyani mmoja alikuwa amevaa sketi ya Mama. Mwingine alikuwa na soksi kwenye masikio.

Hapo ndipo darasa lilipopasuka. Watoto walisimama, wakaonyesha, wakapiga kelele kwamba nyani amevaa sketi. Namelok alingoja wanyamaze akiwa na uso wa mwenyekiti wa kijiji, kisha akasoma: "Wageni wamekuja? Wamekuja, Mama. Umewakaribisha? Wamejikaribisha, Mama." Mwalimu Lukresia alitoka nje akisema anaangalia kama mvua itanyesha. Ukurasa wa mwisho haukuwa na neno lolote. Mama alikuwa amesimama mlangoni, Punda anamtazama Mama, nyani wote wanamtazama Mama, na yule mwenye sketi ametazama chini.

Kakenya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuja akamkumbatia Namelok miguuni, uso umelowa machozi na kamasi. Namelok, ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yametiririka wakati wote wa kusoma, alitoa kitambaa cha kijani, akajifuta, kisha akamfuta Kakenya. Alimfuta kwa upole, jicho moja baada ya jingine. Alimpenda mtoto yule tangu dakika ile.

"Wiki mbili zijazo, Ijumaa, mnakwenda Ganako," alisema Mwalimu Lukresia aliporudi kutoka kuangalia mvua.

Wiki nzima iliyofuata, kila mapumziko, watoto wa awali walitaka Punda. Kila mapumziko Kakenya alikaa kwenye mapaja ya Namelok, na kila mapumziko kitambaa kilifanya kazi yake. Namelok alikuwa na furaha aliyokuwa hajawahi kuipata tangu aje Karatu. Usiku macho yalimchoma kama yametiwa mchanga, lakini alijiambia kwamba baada ya Ganako atamwambia Shangazi.

Jumatatu ya wiki ya pili Kakenya hakucheka. Alikaa pembeni akisugua macho kwa ngumi zote mbili. Jumatano alikuja kope zimevimba, na watoto wengine wawili walikuwa hivyo hivyo.

Siku hiyo Mwalimu Lukresia aliingia darasa la sita kabla ya kipindi cha sayansi.

"Watoto wangu watatu wanaumwa macho," alisema. "Ninyi ndio mnaowasomea na kuwapakata. Sitaki kumgombeza mtu, nataka kujua yalipoanzia ili niwasaidie. Kuna mwenye macho yanayomsumbua?"

Mwalimu alipita dawati kwa dawati.

"Namelok, naona wekundu hapo."

"Nimenawa kwa sabuni, Mwalimu."

"Yanawasha?"

"Leo yana nafuu, Mwalimu."

"Haya, vizuri." Mwalimu akaenda dawati la nyuma.

Namelok alikaa wima na uso wake mkavu, ule ule wa kusomea. Nafisa, aliyekaa naye, alikuwa akimtazama. Kwa mara ya kwanza uso ule haukumchekesha.

Kengele ya mapumziko ilipogongwa, Nafisa alimvuta mpaka kwenye bomba nyuma ya madarasa, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Umemjibu Mwalimu kama Punda," alisema.

"Sikudanganya."

"Punda naye hakudanganya. Nimesoma kitabu chote, hakuna aliposema uongo. Yana nafuu kuliko lini?"

"Kuliko jana."

"Na jana yalikuwaje?"

Namelok alifungua mdomo kutafuta kweli nyingine ndogo ya kumpa, akaikosa. Akaanza kulia. Alimweleza Nafisa kila kitu: kubandua macho asubuhi, mistari inayochezacheza, muhula alioupoteza darasa la nne, na woga wake wa kurudishwa Enguserosambu kabla ya Ganako.

Nafisa alisikiliza mpaka mwisho. "Na Kakenya unamfuta kwa kitu gani?" aliuliza polepole.

Namelok aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa cha kijani. Wote wawili walikitazama.

Bibi yake Namelok, yule wa ndama na ndoo, alikuwa na kibanio kidogo cha chuma alichokivaa shingoni pamoja na shanga. Kope zake zilikuwa zimegeuka kuelekea ndani na kumchoma jicho kila alipopepesa. Zamani alizing'oa mwenyewe kwa kibanio hicho. Sasa hakuona tena vizuri, kwa hiyo siku za likizo Namelok alimng'olea, ukope mmoja mmoja, akiwa amemshika kidevu kwenye jua la asubuhi. Bibi alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa mtoto macho yalianza kwa kuwasha tu. Pale bombani Namelok alimfikiria Kakenya na kibanio shingoni. Ganako ikawa mbali na ndogo.

Alikwenda ofisi ya walimu. Nafisa alimsindikiza mpaka mlangoni, akabaki nje.

"Mwalimu, nilinawa kweli, na leo yana nafuu kweli," alisema Namelok. "Lakini yananiuma tangu mwezi wa saba. Asubuhi hayafunguki mpaka niyaloweshe. Na Kakenya nilimfuta kwa kitambaa hiki. Kila siku."

Mwalimu Lukresia aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukusema?"

"Nitarudishwa nyumbani."

"Nani amekuambia?"

Namelok alifikiri. Ilimbidi akiri kwamba hakuna aliyemwambia.

Mwalimu alimpigia simu Shangazi Nailantei, kisha akamwambia Namelok kwamba mama yake Kakenya atakuja saa nane kumchukua mwanawe. Mwalimu angeweza kumweleza mama huyo yeye mwenyewe, kama Namelok angependa. Namelok akasema ataeleza yeye.

Mama Kakenya alikuwa muuza mboga sokoni, mrefu, amechoka, mtoto amembeba mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea. Namelok alimsalimia shikamoo, akamweleza yote bila kutanguliza kunawa wala nafuu. Mama yule alisikiliza huku akimshika mwanawe mguu.

"Nimebadilisha sabuni mara mbili," alisema mwishoni. "Nimemkataza kukaa jikoni kwa sababu ya moshi. Jana nimemchapa. Nilisema anajitia vumbi machoni kwa makusudi."

Namelok alimtazama Kakenya. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mtu mzima angeweza kunyamaza moja kwa moja, wewe umekuja mbele yangu." Alimweka Kakenya vizuri mgongoni. "Ila ungesema Jumatatu, mwanangu asingechapwa."

Alasiri hiyo wote walikwenda kituo cha afya: Namelok na Shangazi Nailantei, aliyeomba ruhusa kazini, na Mama Kakenya na mwanawe, na wazazi wa wale wawili wengine. Tabibu aliyeitwa Matano, mtu mwenyeji wa Tanga aliyezoea Karatu mpaka anajua kusalimia kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji, aliosha mikono na kumwinamisha Namelok kichwa nyuma. Aliupindua ukope wa juu kwa ncha ya kidole, akatazama kwa tochi.

"Vikope," alisema. "Huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Unapita kwenye mikono, kwenye vitambaa, hata kwa nzi wanaotua usoni kwa mtoto mmoja na kuhamia kwa mwingine. Ukiwahi unapona kabisa. Ukiuacha ukarudi na kurudi miaka mingi, kope hugeuka ndani na kukwangua jicho."

"Nitarudi nyumbani muhula mzima?" aliuliza Namelok.

"Kwa nini? Dawa iko hapa. Utapaka asubuhi na jioni, na nyumbani kwenu kila mtu atapata yake. Utapumzika hapa hapa Karatu siku chache mpaka macho yakauke, kisha unarudi darasani. Uso unanawa kila siku kwa sabuni, na taulo ni la mtu mmoja." Alizima tochi. "Nyumbani kuna mtu ambaye kope zinamchoma?"

"Bibi," alijibu Namelok. "Lakini anaendelea vizuri." Akajishtukia. "Hapana. Haendelei vizuri. Haoni vizuri tena. Huwa namng'olea kope kwa kibanio."

Tabibu Matano alimgeukia Shangazi. Alimweleza kwamba kuna upasuaji mdogo wa kope, haumlazi mtu hospitali muda mrefu, na kwamba mama yao aletwe mapema. Shangazi Nailantei hakujua hilo. Ndugu wote nyumbani waliamini ni uzee tu. Alitoka nje akampigia simu kaka yake Enguserosambu palepale, na sauti yake ya kazini, ile ya kuamrisha mashuka yaanikwe, ilisikika mpaka ndani.

Ijumaa gari la Ganako liliondoka bila Namelok. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba, dawa machoni, akalia kidogo, kisha akafua mashuka ya kitandani kwa maji ya moto kama alivyoagizwa.

Jumamosi Nafisa alikuja. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kwa sababu baba yake alimwambia asisogelee sana mpaka Jumatatu.

"Habari za Ganako?" aliuliza Namelok.

"Nzuri."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Watoto wamecheka?"

"Wamecheka." Nafisa alishusha pumzi. "Sikia, nikuambie yote. Nilicheka ukurasa wa pili. Nikajizuia, nikakwama, nikacheka tena mpaka nikapata kwikwi. Mwalimu Lukresia ndiye aliyemalizia. Watoto walinicheka mimi kwanza, ndipo wakamcheka Punda. Waliuliza nani amechora. Nikawaambia ni rafiki yangu, anaumwa macho, anapona."

Namelok alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Nafisa alimwachia kitabu kwenye ngazi na kukimbilia dukani.

Jioni Shangazi Nailantei alikiona kitabu juu ya meza, akaomba asomewe. Alikaa kitandani na mikono imekunjwa. Namelok alisoma kwa uso wake mkavu, na Shangazi akasikiliza kwa uso mkavu zaidi, mpaka sketi ilipotokea. Hapo mabega yake yalianza kutikisika. Alicheka bila sauti mpaka ukurasa wa mwisho, akajifuta kwa mkono wa gauni, kisha akalichukua jalada la boksi la biskuti na kulitazama kwa muda mrefu.

"Huyu punda umemtoa kwetu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi. Kwenye kula habari."

"Utani wake ni mzuri. Lakini wewe mwenyewe ulikosea kitu kimoja, tena kitu ambacho mtoto wa kwetu hapaswi kukikosea." Alimketisha karibu. "Habari njema tunaitanguliza ili mtu apate nguvu ya kuipokea mbaya. Mbaya lazima ifike. Bibi yako alimaliza majirani wote, lakini ndama alimtaja, akatolewa kwenye ndoo. Wewe kila asubuhi ulinipa njema, ukaondoka. Mimi nikaenda kazini nikijua nimeshiba habari, kumbe nimelala njaa. Uso mkavu usomee watoto, wafurahi. Lakini mtu anayekupenda akikuuliza hali yako, mpe habari mpaka mwisho, hata ile ambayo hakujua kuiuliza. Hatuwezi kukutoa kwenye ndoo ambayo hatujaiona."

Namelok aliitikia kwa kichwa.

"Sasa," alisema Shangazi Nailantei, akakaa vizuri kama mtu aliyepokea mgeni, "habari za macho?"

Namelok alifikiri kabla ya kujibu. "La kulia zima," alisema.

"Ehe."

"La kushoto halitoi tongotongo tena."

"Ehe."

"Leo asubuhi yamefunguka bila maji."

"Ehe."

"Ila la kushoto bado linawasha jioni. Na mchana nilisahau nikalisugua kwa mkono."

"Nimesikia," alisema Shangazi, akainuka kwenda kuleta sabuni na dawa.